Kiwewe kisichokwisha: dalili na tiba kwa watu wazima

Bomu lililolipuka jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 liliwaua zaidi ya watu 200 na kuwajeruhi maelfu. Jeraha la mwili huonekana. La moyoni huweza kufichika kwa miaka mingi.

Ugonjwa wa kiwewe huweza kumpata yeyote aliyekabiliwa na mauti, ubakaji, vita au ajali mbaya. Mgonjwa huota majinamizi, au tukio humrudia akiwa macho kana kwamba linatendeka upya. Huepuka mahali na mazungumzo yanayomkumbusha. Hushtuka upesi, hukosa usingizi, hughadhabika na kujilaumu. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi au ndoa yake, si uoga wala pepo; amwone daktari.

Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu. Mgonjwa husimulia mkasa hatua kwa hatua, hurejelea polepole mambo aliyoyakwepa na kupima upya dhana kwamba kosa lilikuwa lake. Aghalabu huhitaji vikao 8 hadi 12. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 kuhusu makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ulionyesha kuwa hata wakimbizi waliopewa mafunzo waliweza kuwapunguzia wenzao dalili kwa vikao 6.

Pombe huahirisha maumivu tu. Jamaa wasimlazimishe mgonjwa kusimulia. Wamsikilize na kumsindikiza kliniki. Anayewaza kujiua apelekwe hospitalini bila kukawia.