Ardhi Iendayo Pole

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ardhi ina tabia mbili tu: kutulia na kuvunjika. Dhana hiyo ilipata nguvu baada ya tarehe 18 Aprili 1906, siku mji wa San Francisco ulipobomolewa na tetemeko, na moto ukamaliza mengi yaliyosalia. Nje ya mji, nyua za mashamba na barabara zilizovuka ufa wa San Andreas zilionekana zimekatika, mahali pengine pande mbili zikiwa zimeachana kwa kadiri ya mita 6. Harry Fielding Reid alizichunguza alama hizo, na mwaka 1910 akaeleza kwamba miamba ya pande mbili za ufa husukumwa kwa miaka mingi hali imeng'ang'aniana. Hupindika kama upinde, na nguvu zikizidi, huachia kwa kishindo. Maelezo hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote.

Mwaka 1956, karibu na Hollister, kusini mwa San Francisco, ilitambuliwa kwamba kuta na sakafu za kiwanda kimoja cha mvinyo zilikuwa zikipasuka ijapokuwa ardhi haikutetemeka. Kiwanda kilijengwa juu ya ufa ule ule, na nusu yake moja ilikuwa ikiiacha nusu ya pili kwa sentimita moja na kitu kila mwaka. Hapo ilidhihirika kwamba ufa waweza kwenda bila kuvuma.

Ajabu kubwa zaidi ilionekana mwaka 1999 katika pwani ya magharibi ya Kanada na jirani yake Marekani. Huko bamba la Juan de Fuca, lililo chini ya bahari, hujipenyeza chini ya bara kwa sentimita 4 hivi kwa mwaka, na kulisukuma upande wa mashariki. Vipokezi vya setilaiti vilionyesha kwamba vituo saba vimegeuka na kurudi magharibi milimita chache, bila mtu kusikia lolote. Herb Dragert na wenzake walipopiga hesabu, waliona kwamba kilomita nyingi chini ya ardhi mabamba yalikuwa yameteleza kiasi cha sentimita 2. Baadaye ikajulikana kwamba mtelezo huo hurudi kila baada ya miezi 14 hivi. Mwaka 2002 Kazushige Obara alitangaza kuwa vyombo vya Japani vimenasa mnong'ono mrefu wa ardhi, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba huko Kanada mnong'ono na mtelezo huja pamoja.

Wala jambo hili si la ng'ambo peke yake. Mwezi wa Julai 2007, kando ya Ziwa Natron nchini Tanzania, ufa uliteleza polepole karibu na mlima Gelai, kisha miamba iliyoyeyuka ikajipenyeza chini kwa chini.

Je, mtelezo wa namna hii ni faraja au ni onyo? Mtu aweza kudhani kwamba ardhi ijipunguziayo mzigo kidogo kidogo haitadhuru. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sehemu iteleayo pole huko Kanada ni ya chini. Ile ya juu imeng'ang'ana tangu tarehe 26 Januari 1700, lilipotokea tetemeko ambalo mawimbi yake yalifika Japani na kuandikwa huko. Kila mtelezo wa chini huiongezea sehemu hiyo mzigo. Hali kadhalika, wataalamu waligundua kwamba kabla ya tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, mtelezo wa polepole ulikuwa umeelekea pale lilipoanzia.

Hata hivyo, mitelezo iliyo mingi hupita bila msiba kuifuata, na hakuna ajuaye kuubagua ule utakaouleta. Kwa hiyo wakazi wa pwani hizo hawana budi kujenga nyumba imara na kuzijua njia za kukimbilia milimani, badala ya kungoja ardhi iwaarifu.