Upandaji wa mbegu za miti wakati wa baridi

Upandaji wa mbegu wakati wa baridi ni njia ya kuotesha miche nyumbani kwa kusia mbegu nje, ndani ya vyombo vilivyofunikwa, katika nchi zenye majira ya baridi kali kama Marekani na Kanada. Mbegu za miti mingi ya huko, ukiwemo mtofaa na mepo wa sukari (Acer saccharum), huwa katika hali ya bwete: hazioti mpaka zikae kwenye unyevu na baridi ya takriban nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi kwa wiki kadhaa au miezi. Baridi hiyo hupunguza nguvu ya homoni zinazozuia uotaji, na hivyo kuiwezesha mbegu kuchipua theluji ikishaisha.

Chombo kinachotumika sana ni galoni la plastiki la maziwa linalopitisha mwanga. Hukatwa katikati na kuachiwa bawaba upande mmoja, hutobolewa matundu chini, kisha hujazwa udongo wenye unyevu kina cha sentimita 8 hadi 10. Mbegu zikishafukiwa, galoni hufungwa kwa utepe na kuachwa bila kizibo ili hewa, mvua na theluji viingie. Majira ya kuchipua yafikapo, miche huota yenyewe, hufunuliwa siku za joto, kisha huhamishiwa kwenye vyungu.

Mbegu za mialoni hazikaushwi, kwani zikikauka hufa. Hukusanywa na kusiwa msimu wa kupukutika majani, zikikingwa dhidi ya panya na kindi.