Nani Ameshika Usukani? Historia Fupi ya Mashua za Kuchezea

Wahenga wa pwani walituachia msemo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sawa. Lakini hawakutuambia inakuwaje kwa chombo kisicho na nahodha hata mmoja. Na vyombo vya namna hiyo vipo vingi sana: mashua za kuchezea. Unaiweka majini, unaisukuma kidogo, halafu basi, umeshaiaga. Huna la kufanya tena ila kuitazama.

Leo wako watu, hasa Uingereza, wanaonunua mashua ndogo zilizotengenezwa miaka ya 1920 na 1930, wakazitia mota ya umeme, betri, na usukani unaoongozwa kwa redio. Wengine wakiona hivyo wanashika vichwa. Wanasema umeiua mashua. Wenye mashua wanajibu kwamba wameifufua, maana ilikuwa inakaa kabatini ikila vumbi. Ubishi huu si wa mafundi peke yao. Waandishi wameuzungukazunguka kwa karne nzima na zaidi, na swali lao ni lilelile: kile kiti cha nahodha kilicho wazi, akae nani?

Tuanze na mwaka 1838. Huko Denmark, Hans Christian Andersen alichapisha hadithi ya askari wa bati mwenye mguu mmoja. Wavulana wawili wanakunja gazeti, wanatengeneza mashua, wanamsimamisha askari ndani na kumwachia aende na maji ya mtaro. Bunduki anayo, usukani hana. Mashua inamzungusha, inampeleka gizani, inalowa na kuchanika, naye anazama akiwa amesimama wima vilevile. Ushujaa wake wote ni wa mtu asiye na uwezo wa kugeuza chochote.

Mwaka huohuo wa 1838, kwenye mto Neva mjini Sankt Peterburg, mhandisi Moritz Jacobi alikuwa anajaribu mashua ya kweli iliyosukumwa na umeme. Ilikuwa na magurudumu ya makasia ubavuni, mota aliyoibuni mwenyewe, na betri za zinki. Ilibeba watu zaidi ya kumi, mwendo wake wa polepole, lakini ilikwenda bila upepo, bila makasia ya mkono na bila moshi.

Aliyeunganisha umeme na usukani kuwa kitu kimoja alikuwa Mfaransa, Gustave Trouvé. Mwaka 1881, kwenye mto Seine mjini Paris, alifunga mota ndogo juu ya usukani wenyewe, na rafadha akaipachika kwenye ubao wa usukani huohuo, mnyororo ukiziunganisha. Ukigeuza usukani, nguvu nayo inageuka. Ukimaliza safari, unaung'oa wote na kwenda nao nyumbani. Injini za kupachika nyuma ya mashua, tunazoziona leo kila ufuko wa wavuvi, zina babu yao hapo.

Lakini mashua ya kuchezea bado ilikuwa haina mtu. Mwaka 1885 Robert Louis Stevenson alichapisha kitabu chake cha mashairi ya watoto, na ndani yake limo shairi la mtoto mwenye merikebu ndogo bwawani. Aliyeshika usukani wa merikebu ile ni mwanaserere. Mtoto anawaza siku moja kuwa mdogo kama yule mwanaserere, apande merikebu ile na kusafiri naye. Hapo Stevenson amegusa kiini cha jambo. Anayebaki ukingoni hatamani mashua kubwa. Anatamani kuwa ndani ya ile ndogo.

Miaka kumi na mitatu baadaye mtu mmoja alipata namna ya kupanda bila kupungua kimo. Nikola Tesla, New York, 1898. Mashua yake ya chuma ilikuwa na urefu wa mita moja na kidogo. Ndani mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, mota ya pili ya kugeuza usukani, na kifaa cha kunasa mawimbi kilichotumia unga wa metali. Wimbi likifika, ule unga unaruhusu umeme upite, nao unaamsha mtambo unaoelekeza usukani. Kisha kifaa kinageuzwa, unga unatawanyika, kinasubiri amri nyingine. Hakuna waya wala kamba. Katika kumbukumbu zake za 1919 Tesla alisimulia kwamba mkaguzi mkuu wa hataza alifunga safari hadi New York kuiona kwa macho yake, kwa sababu madai yale hayakuaminika. Hataza ikatoka Novemba 1898, namba 613,809.

Hapa ndipo historia inapoacha kuwa ya kitoto. Kwenye hataza ileile Tesla aliandika kwamba faida kubwa ya uvumbuzi wake itaonekana vitani: silaha itakuwa ya kutisha kiasi kwamba mataifa yatalazimika kukaa kwa amani. Alipokwenda Washington kuieleza serikali, ofisa aliyempokea aliangua kicheko. Kicheko hakikudumu. Oktoba 1917, karibu na pwani ya Ubelgiji, Wajerumani waliielekeza mashua yenye baruti, isiyo na mtu ndani, dhidi ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Erebus. Iliongozwa kwa umeme uliopita kwenye waya mrefu. Meli ilijeruhiwa lakini haikuzama. Na ile amani ya kulazimishwa na woga, msomaji, unaweza kunionyesha iko wapi?

Kwa hiyo mtu anapotia usukani wa redio kwenye mashua ya kuchezea, anaigiza kwa udogo jambo zito. Kukaa mbali ukaamuru kina utamu wake. Pia kinakuondoa kwenye hatari ya chombo: kikizama, wewe hulowi.

E. B. White alilitazama jambo hilo upande wa pili. Katika Stuart Little, kilichotoka 1945, Stuart ni kiumbe mdogo mwenye umbo la panya. Anakwenda kwenye bwawa la mashua ndogo katika bustani ya Central Park, anaomba kazi kwenye jahazi liitwalo Wasp, na anashika usukani kwenye mashindano siku ya upepo mkali. Ndoto ya mtoto wa Stevenson imetimia. Ila Stuart analowa. Anaweza kufa. White hakumpa nahodha wake usalama wa ukingoni, na ndiyo maana sura ile inakukaza roho.

Sasa turudi kwenye meza ya fundi. Chukua mashua ya mbao ya kampuni ya Bowman, iliyokuwa ikitengenezwa Dereham, Uingereza, yenye boila ndogo ya mvuke. Usukani wake ulipindwa kwa mkono kabla ya safari, ukabaki hivyohivyo. Ilikwenda moja kwa moja au ilizunguka duara, kisha mwenyewe alikimbilia ng'ambo ya bwawa kuipokea. Usukani wa namna hiyo mara nyingi ni mdogo mno. Ukiugeuza wakati chombo kinakwenda, hakishtuki. Fundi analazimika kutengeneza mwingine mpana zaidi na kuuweka nyuma ya rafadha, maji yanayosukumwa yaupige. Kifaa cha kugeuza anakiunganisha na kana kwa waya mwembamba mgumu. Mota anaipanga ilingane sawasawa na mhimili wa rafadha, la sivyo itatetemeka na kula betri bure. Betri inakaa chini, juu ya mkuku, kwa sababu boila ilikuwa na uzito wake na chombo kilichorwa kwa uzito ule. Betri ikiwa nyepesi, anaongeza farumi ya risasi hadi maji yafike kwenye mstari wake wa zamani. Antena anaiweka juu ya usawa wa maji, kwani mawimbi ya redio za siku hizi hayapiti majini.

Fundi mwenye adabu hatoboi tundu jipya hata moja. Mota anaifunga kwenye kibao, na kibao anakikalisha pale boila ilipokuwa, kwa skrubu zilezile. Boila na usukani wa zamani anavifunga kwa kitambaa na kuviweka pamoja, ili atakayekuja baada yake aweze kurudisha kila kitu mahali pake.

Hilo ndilo jibu langu kwa ule ubishi. Mashua haifi kwa kutiwa umeme. Inakufa pale mtu anapofuta uwezekano wa kuiachia tena iende peke yake. Maana mchezo wa zamani ulikuwa na elimu ambayo redio haiwezi kuitoa: unapanga, unapima upepo, unapinda usukani kwa makisio, kisha unaachia na kungoja ng'ambo. Anayeongoza kwa redio husahihisha kosa papo hapo. Yule wa zamani hakuwa na nafasi hiyo. Alilazimika kufikiri kabla, halafu akatembea kuzunguka bwawa kwenda kuona alichokifikiri kimefika wapi.