Muziki Usiolipiwa: Usikilizaji wa Bure Kutoka Santuri Hadi Intaneti

Katika historia ya muziki wa Tanzania liko swali moja ambalo waandishi wengi hulipita pembeni, nalo ni hili: msikilizaji alisikiliza kwa fedha ya nani? Habari za watunzi, za bendi na za mitindo zimeandikwa kwa wingi, lakini habari za malipo ni chache. Mwanafunzi wa sekondari mwenye simu ya mkononi aweza leo kutafuta wimbo kwenye intaneti na kuusikiliza pasipo kumpa senti mwenye duka wala mwimbaji, na wazee wengi huliona jambo hilo kuwa ni uzushi wa kizazi kipya. Historia haikubaliani nao. Watu wa nchi hii wamesikiliza muziki bila kuununua kwa karibu miaka mia moja. Kilichobadilika kila zama ni mlipaji.

Tuanze na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe, wakiwamo Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Budda bin Mwendo, walivuka bahari kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya santuri za HMV. Wakati huo kinanda cha santuri kilikuwa chombo cha wenye nacho, na mchukuzi wa bandarini Unguja hakuweza kukitamani hata ndotoni. Hata hivyo nyimbo za Siti zilimfikia. Mwenye mkahawa aliyenunua kinanda alijipatia wateja, na mnywaji aliyelipia kikombe cha kahawa alipewa na wimbo juu yake; aliyekosa hata hiyo senti ya kahawa alisimama nje akasikiliza. Santuri moja ikawatosha watu wa mtaa mzima.

Baada ya santuri ikaja redio, na hapa ndipo usikilizaji wa bure ulipopata kuwa desturi ya taifa. Majaribio ya utangazaji yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 mahali pake pakashikwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ikiwa idara ya Serikali. Redio ndogo za transista, ambazo hazikuhitaji umeme wa nyumba bali betri tu, zilifika hata vijijini ambako gazeti lilichelewa kwa siku kadhaa. Jioni watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio kusikiliza taarifa ya habari, na muziki ukafuata.

Yafaa tukae hapa kidogo, maana mambo yaliyotendeka katika studio ya Radio Tanzania ndiyo chanzo cha mengi yatakayosemwa mbele. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na bendi iliyotaka kutoa santuri ilielekea Nairobi. Ndivyo alivyofanya Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mnamo Januari 1979. Bendi nyingi nyingine zilitegemea studio ya redio. Zilifika na ala zao, maneno ya nyimbo yakakaguliwa, wanamuziki wakapiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na utepe ukahifadhiwa. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa madogo. Faida ya bendi ilikuwa nyingine kabisa: wimbo uliosikika redioni mchana uliwavuta watu kwenye ukumbi wa dansi usiku, na kiingilio cha mlangoni ndicho kilichokuwa fedha.

Isitoshe, bendi nyingi za zama hizo zilimilikiwa na jumuiya, mashirika na majeshi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana. Polisi nao walikuwa na bendi yao. Mwanamuziki aliajiriwa akalipwa mshahara. Basi mkulima wa Songea aliyesikiliza NUTA Jazz bila kutoa kitu alikuwa akisikiliza muziki uliokwisha kulipiwa, sehemu kwa michango ya wafanyakazi na sehemu kwa fedha ya Serikali iliyoendesha mitambo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, hasa kwa mtunzi ambaye wimbo wake ulirudiwa mara mia bila yeye kuona tofauti mfukoni. Lakini kwa maoni yangu ulikuwa na jambo moja la haki: mlipaji alijulikana.

Kaseti ziliuvuruga mpango huo. Katika miaka ya 1970 na 1980 zilienea mijini, na yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili wimbo kutoka redioni, kutoka kwenye santuri au kutoka kaseti nyingine. Vibanda vya kunakilia vikazuka. Huko mnunuzi alilipa, lakini alimlipa mwenye kibanda; mwimbaji hakuwamo katika biashara hiyo kwa namna yoyote.

Wakati vibanda hivyo vikiendelea na kazi, mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa mbali nasi. Huko Erlangen, Ujerumani, wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walibuni njia ya kuipunguza sauti iliyorekodiwa kwa tarakimu kwa kuacha sehemu ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi. Njia hiyo ndiyo iitwayo MP3, jina lililokubaliwa mwaka 1995. Wimbo wa dakika 4 ambao kwenye diski ungechukua nafasi ya megabaiti 40 hivi, uliweza sasa kuingia katika megabaiti 4. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililouwezesha wimbo kupita kwenye waya wa simu. Mwezi Juni 1999 kijana wa Marekani aitwaye Shawn Fanning alitoa programu ya Napster, ambayo kwayo mtu aliweza kuchukua nyimbo zilizomo ndani ya kompyuta ya mtu asiyemjua. Makampuni ya santuri yalifungua kesi Desemba mwaka huohuo, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Kwa kweli Napster ilikuwa kibanda cha kaseti kilichopewa wateja wa dunia nzima, isipokuwa mwenye kibanda hiki hakutoza hata gharama ya utepe.

Tanzania haikuyaona hayo kwa karibu, kwa kuwa intaneti yetu wakati huo ilikuwa ya mikahawa ya mijini, tena ya polepole. Mabadiliko yalikuja mwaka 2009, waya wa SEACOM uliopitishwa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, na baadaye simu zenye intaneti zikaenea. YouTube, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, ikawa redio ya vijana. Huko msikilizaji halipii wimbo. Mwenye kutangaza bidhaa ndiye alipaye, na sehemu ya fedha hiyo humwendea mwenye haki ya wimbo. Spotify, iliyofunguliwa kwa wasikilizaji wa Tanzania mwaka 2021, nayo ina mlango wa bure wenye matangazo ya biashara. Lakini kijana wa Singida hapati hayo bure kabisa. Hununua bando, na fedha ya bando huenda kwa kampuni ya simu. Tena thamani ya tangazo hutegemea nchi aliyomo msikilizaji, hata msikilizaji wa Ulaya akahesabiwa kuwa na faida kubwa kwa mwimbaji kuliko mtu wa kijijini kwake.

Kwa wanamuziki walio hai, njia hii ina riziki ndani yake. Mashaka ni juu ya wale wa zamani. Nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa katika studio ya redio zimo leo kwenye intaneti, zimewekwa na wapenzi wa muziki walionakili kaseti zao za nyumbani. Watu hao wametutendea wema, kwani bila wao nyimbo nyingi zisingesikika tena. Hata hivyo mara nyingi wimbo huandikwa jina la bendi peke yake, au jina lisilo lake. Mpiga gitaa la solo hatajwi, mtunzi hatajwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yatambua haki za mtunzi na za mtumbuizaji, lakini warithi watadai nini ikiwa hakuna ajuaye kwamba sauti ile ni ya baba yao?

Mwalimu atakayetaka wanafunzi wake wasikilize bila kumdhulumu mtu anazo njia. Wasanii wengi wana ukurasa wao wenyewe huko YouTube. Kuhusu rekodi za kale, sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka muda wa kuzifungua kwa umma. Kwa hesabu yake, santuri iliyotolewa mwaka 1928, mwaka wa safari ya Siti, itakuwa huru nchini humo tarehe 1 Januari 2029. Tena iko Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambayo sasa ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika ya Kusini, na ambayo imeweka sehemu ya hazina yake kwenye intaneti. Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, ikiwamo nanga ya Wahaya na ligombo la Wahehe. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na maelezo yake yapaswa kusomwa kwa tahadhari. Lakini aliandika jina la mpigaji, jina la ala, mahali na mwaka, na hayo yote bado yamo kwenye orodha ya maktaba hiyo, kando ya sauti yenyewe.