Kuumeni Katuni, Kuukeni Nancy Drew

Anayeishika riwaya ya Leigh Bardugo, Wonder Woman: Warbringer, iliyotoka mwaka 2017, haraka huiona kuwa ni katuni iliyovuliwa picha. Jina la shujaa limetoka kwenye katuni, kisiwa chake cha Themyscira vilevile, na mwenye mali ni kampuni ya DC. Lakini nasaba ina pande mbili. Kuumeni, riwaya za aina hii, za wasichana wenye nguvu za ajabu zinatokana na Wonder Woman, aliyebuniwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter, akatokea mara ya kwanza katika All Star Comics mwaka 1941. Kuukeni zinatokana na Nancy Drew, msichana mpelelezi aliyeanza kusomwa Marekani mwaka 1930, na tabia nyingi za riwaya hizi zimetoka huko.

Katuni hazikumtunza binti yao. Marston alikusudia waziwazi kuwapa wasichana mfano wa nguvu, ila mwaka 1942, Wonder Woman alipoingizwa katika chama cha mashujaa wanaume ndani ya jarida lilelile, alipewa kazi ya ukatibu. (Hadithi za chama hicho aliziandika Gardner Fox, kwa hiyo lawama tusimtwishe Marston.) Mwaka 1954, baada ya daktari wa akili Fredric Wertham kuzishambulia katuni, wachapishaji walijiwekea kanuni zilizotaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, biashara ikahama polepole kutoka kwa wauza magazeti kwenda kwenye maduka maalumu ya katuni, ambako wateja wengi walikuwa wanaume. Msichana wa miaka kumi na miwili hakuwa na sababu ya kuingia humo. Alikwenda maktaba na duka la vitabu, na huko rafu ilikuwa ya Nancy.

Itasemwa kwamba Nancy hana nguvu za ajabu: ana gari lake, akili yake na baba wakili anayemwachia nafasi. Ni kweli, lakini tazama jinsi Bardugo anavyoanza. Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, yumo mbioni, anatamani mno kushinda ili Waamazoni wenzake wamheshimu, mara anaona chombo kikiangamia baharini. Anaacha mbio na kumwokoa msichana aitwaye Alia, ilhali sheria ya kisiwa inakataza kuleta binadamu. Misuli imemtoa Alia majini, lakini haimwambii Diana amfiche wapi, amwamini nani, wala aasi kiasi gani. Kuanzia hapo hadithi inabebwa na siri, urafiki na uamuzi wa msichana asiyesubiri ruhusa ya wakubwa, na nathari inatuweka ndani ya mawazo yake kwa kurasa nyingi kuliko kiputo cha maneno kinavyoweza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vitabu hivi ni bidhaa tu, vinavyotoka sambamba na filamu. Ni bidhaa, sikatai. Lakini Nancy pia alikuwa bidhaa: kampuni ya Edward Stratemeyer ilitoa muhtasari, Mildred Wirt akaandika kwa malipo ya dola 125 kwa kitabu, na jaladani likawekwa jina la kubuni, Carolyn Keene. Umiliki haukumzuia Wirt kumpa Nancy ukaidi wake. Vivyo hivyo Storm, shujaa wa katuni za Marvel, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975: mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, naye mwenyewe tunamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua, picha inayosema mengi kuhusu Wamarekani na machache kuhusu Kenya. Mwaka 2024 Tiffany D. Jackson, mwandishi Mmarekani mweusi, aliuandikia riwaya ujana wa Storm. Shujaa bado ni mali ya Marvel, lakini jina la Jackson limo jaladani; kazi ya Wirt ilikuja kujulikana kwa umma mahakamani, mwaka 1980.