Chunusi kwa wanawake watu wazima: Kiini chake na mtego wa krimu za kung'arisha ngozi

Wengi huamini kuwa chunusi ni maradhi ya mabarobaro, na kwamba hutoweka pindi msichana anapomaliza shule. La hasha. Wanawake wengi huendelea kusumbuliwa nazo baada ya kutimu umri wa miaka 25, na baadhi huzipata kwa mara ya kwanza wakiwa tayari ni akina mama. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, sawa na kwingineko nchini, tatizo hili huweza kuchochewa na kitu ambacho aghalabu hununuliwa kama tiba yake: krimu ya kung'arisha ngozi.

Chunusi huanza pale tundu la unywele linapozibwa na mafuta pamoja na chembe zilizokufa za ngozi. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi huzaana humo, na mahali hapo huvimba. Tezi zinazotoa mafuta hayo huongozwa na homoni ziitwazo androjeni, ambazo wanawake pia wanazo ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wanaume. Ndiyo maana chunusi za mwanamke mtu mzima mara nyingi hujitokeza kidevuni na kwenye taya, tena huzidi siku chache kabla ya hedhi.

Mbinu za kupanga uzazi nazo zina nafasi yake. Sindano na vipandikizi, ambavyo ni miongoni mwa njia zinazotumiwa zaidi nchini Kenya, vina homoni ya projestojeni pekee, na kwa baadhi ya wanawake huleta chunusi. Vidonge vyenye homoni mbili, kinyume chake, huweza kuzipunguza, na chunusi zikarejea mtumiaji anapoviacha. Anayesumbuka hana haja ya kuacha kupanga uzazi. Azungumze na mhudumu wa afya kuhusu njia nyingine.

Chunusi zinapoandamana na hedhi inayoruka miezi, ndevu kidevuni au ugumu wa kupata mimba, huenda chanzo ni hitilafu ya homoni inayoathiri ovari. Hali hii huhitaji vipimo hospitalini, kwani huongeza pia hatari ya kupata kisukari. Kwa mke anayelaumiwa kwa kukosa mtoto, kuupuuza uso wake kama jambo la urembo tu ni hasara kubwa.

Urithi wa familia, msongo wa mawazo na baadhi ya dawa, kama vile isoniazidi ya kifua kikuu, huchangia pia. Dawa hiyo isikatizwe kwa sababu ya chunusi.

Kuhusu chakula, ovakado na njugu husingiziwa bure. Hakuna ushahidi thabiti dhidi yake, na hilo ni afueni kwa eneo la Gusii lenye ovakado tele. Vyakula vinavyopandisha sukari mwilini haraka, na pengine maziwa, ndivyo vimehusishwa na chunusi, japo si kwa kila mtu. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso huziba matundu, hasa chini ya kitambaa kinachofungwa kichwani mchana kutwa.

Kwenye ngozi nyeusi, chunusi ikipona huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi kadhaa. Doa hilo ndilo humsukuma mwanamke kutafuta krimu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu miaka ya 1990, lakini bidhaa hizo hazijakoma kuingia sokoni. Nyingine huchanganywa na steroidi kali kama klobetasoli. Iwe ni Daraja Mbili mjini Kisii, Kebirigo, au Keroka iliyo mpakani mwa kaunti hizi mbili, anayeuziwa kikopo kisicho na orodha ya viungo hawezi kujua anajipaka nini.

Steroidi huleta udanganyifu wa ajabu. Wiki za kwanza uvimbe hutulia na uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi mpya huchipuka kwa wingi. Mtumiaji akiiacha ghafla, uso huwaka na kuwasha, naye hurejea dukani akiamini kuwa krimu ile ndiyo iliyokuwa ikimsaidia. Aliyeitumia kwa muda mrefu amwone daktari ili aiache kwa utaratibu.

Tiba za kweli zipo, ila zinahitaji subira ya wiki 8 hadi 12. Benzoili peroksaidi hukabili bakteria, na adapalini huzibua matundu. Asidi ya azelaiki hupunguza chunusi na madoa pia, na huweza kutumiwa na mjamzito. Doksisaiklini haimfai mwenye mimba, nayo isotretinoini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hivyo hutolewa tu kwa uangalizi wa daktari na kwa mwanamke anayetumia njia ya uhakika ya kuzuia mimba.

Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache, na wengi wao wamo Nairobi. Hata hivyo, tabibu wa hospitali iliyo karibu anaweza kuanzisha matibabu mengi na kumwelekeza mgonjwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii inapohitajika. Anapomwendea, mgonjwa abebe kila kikopo cha krimu anachotumia.