Aila Katika Uwanja wa Gokati

Michezo iliyozaliwa na mtambo wa petroli ina hulka ya kupenda mali nyingi na majina makubwa, na kwa sababu hiyo watu wa kawaida, hata wakiipenda namna gani, huitazama kwa mbali, nyuma ya kamba. Lakini miongoni mwa michezo hiyo upo mmoja ambao kwa muda mrefu umekaa mikononi mwa aila, nao ni mashindano ya gokati, vigari vidogo vya magurudumu manne visivyo na paa wala milango, ambavyo dereva wake huketi inchi chache tu juu ya ardhi. Katika mchezo huu baba ni fundi, mama ni mshika saa na mlinzi wa mfuko, kaka ni mshauri, na dereva mara nyingi ni mtoto ambaye sheria ya nchi haijamruhusu kuendesha gari lolote barabarani. Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi desturi hiyo ilivyopatikana, maana naamini kwamba fakhari ya gokati imo katika nyumba nyingi zisizojulikana zilizoulea mchezo huu, kabla ya kuwa kwa mabingwa wachache waliotoka humo.

Gokati ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1956 katika jimbo la California, Marekani, na fundi aitwaye Art Ingels, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa katika karakana ya Kurtis Kraft mjini Glendale, mashuhuri kwa magari ambayo katika miaka ile yalikuwa yamekwisha kushinda mbio za maili 500 za Indianapolis zaidi ya mara moja. Mtu huyu, ambaye mchana kutwa mikono yake ilihudumia magari ya thamani yaliyomilikiwa na wengine, alirejea nyumbani kwake Los Angeles akatwaa mabomba machache ya chuma, akayakunja na kuyachomelea, na kwa auni ya sahibu yake Lou Borelli, akafunga nyuma ya kiti injini ndogo ya West Bend, yenye nguvu za farasi mbili na nusu, iliyoundwa kwa ajili ya mashine ya kukatia majani. Kigari hicho kilionekana hadharani mwaka huo huo kwenye mashindano ya magari ya Pomona, na haukupita muda mrefu ila wengine nao walitaka vyao.

Walianza kukutana siku za mapumziko katika eneo la kuegesha magari la uwanja wa michezo wa Rose Bowl, huko Pasadena, wakizunguka juu ya lami tupu kwa njia walizojipangia wenyewe, hata wenye mamlaka wakawaondoa, nao wakatafuta pahali pengine. Ifahamike kwamba hao waliokuwa wakizunguka walikuwa watu wazima, mafundi na mashabiki wa magari, waliojitengenezea kitu cha kufurahia nafsi zao. Watoto walikuja baadaye, wakifuatana na baba zao, wakaomba zamu, wakapewa, na zamu hiyo haikurudishwa tena. Mwishoni mwa mwaka 1957 wapenzi hao waliunda chama chao, wakaandika kanuni za vipimo na usalama, na hivyo mchezo wa mtaani ukapata itifaki.

Biashara nayo haikukawia. Duffy Livingstone, aliyekuwa na karakana ya mabomba ya moshi pamoja na mwenzake Roy Desbrow, alishirikiana na Bill Rowles, wakafungua kiwanda mjini Azusa na kuuza vigari kwa vipande: mnunuzi alilipa dola 129, akapelekewa vipande vyake, akaviunga mwenyewe nyumbani. Katika mauzo hayo ndimo naiona mizizi ya desturi ya aila, kwa kuwa kitu kilichoingia nyumbani kikiwa vipande hakikuweza kukamilika bila ya baba kushika spana na mwana kushika taa, na kilipokamilika hapakuwa na mtu humo ndani aliyeweza kusema kwamba si chake. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyokuwa ikitengeneza misumeno ya mnyororo, ilitoa injini ya MC-10 iliyokusudiwa gokati, na tangu hapo mchezo ukaacha kutegemea mitambo ya kuazima.

Inafaa msomaji aelewe kigari chenyewe kilivyo, maana wepesi wa umbile lake ndio uliowawezesha watu wasio mahandisi kukimiliki. Gokati haina springi wala shokomzoba; chesisi yake ya mabomba hupinda kidogo inapolemewa, na kupinda huko ndiko kunakofanya kazi ya springi. Haina difu pia: magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa katika ekseli moja, yakizunguka sawasawa, na kwa hiyo penye kona gurudumu la ndani halina budi kunyanyuka kidogo kutoka ardhini, la sivyo kigari hukokotana na lami na kupoteza mwendo. Dereva stadi ndiye ajuaye kukinyanyua kwa usukani na kwa kuegemea kwa mwili wake, na baba stadi ndiye ajuaye kusogeza magurudumu ya mbele ndani au nje kwa unene wa kidole ili jambo hilo litokee kwa wakati wake. Hata mkanda wa kiti haumo, kwa kuwa kigari hakina paa, na chombo kikipinduka ni heri dereva atupwe mbali nacho kuliko kufungwa chini yake.

Kutoka California mchezo ulivuka bahari pamoja na askari wa jeshi la anga la Marekani waliokuwa katika kambi za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Italia, nchi yenye mafundi hodari wa injini ndogo za pikipiki, iliupokea kwa bidii kuliko nchi zote, na karakana zake kama Tony Kart na Birel, zilizoanzishwa katika miaka hiyo hiyo, majina yao yanasikika hadi leo. Mwaka 1962 shirikisho la magari la dunia liliunda kamisheni ya gokati, na mwaka 1964 ubingwa wa dunia wa kwanza ulishindaniwa Roma, akautwaa Mwitalia Guido Sala. Baada ya miaka miwili, mwaka 1966, taji hilo lilichukuliwa na mwanamke, Susanna Raganelli, naye pia wa Italia. Tendo hilo latosha kuwa ithibati kwamba uwanja uliolelewa na aila haukuwa na sababu ya kuwafungia mabinti mlango.

Habari za mabingwa waliopanda kutoka gokati hadi magari makubwa zimeandikwa sana, lakini kila ukizichunguza utakuta nyuma yake mzazi mwenye mikono michafu ya mafuta. Nchini Brazil, Milton da Silva alimtengenezea mwanawe wa miaka 4 kigari chenye injini ya mashine ya kukatia majani. Mtoto huyo alikuwa Ayrton Senna, ambaye mwaka 1979 na tena 1980 alikuwa wa pili katika ubingwa wa dunia wa gokati, asiupate kamwe, ingawa baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa magari ya Formula 1 mara tatu. Huko Kerpen, Ujerumani, Rolf Schumacher, mwashi wa matofali, alifunga injini ya pikipiki ndogo katika kigari cha kukanyagia cha mwanawe Michael, kisha akafanya kazi ya ziada ya kutengeneza gokati za watu uwanjani, huku mkewe akihudumu katika mkahawa wa uwanja huo huo, ili mtoto aweze kushindana. Mjini Oviedo, Hispania, José Luis Alonso alimuundia binti yake Lorena kigari. Binti hakukipenda, kikaangukia kwa mdogo wake Fernando, mwenye miaka 3. Na nchini Uingereza, Anthony Hamilton alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili kulipia mashindano ya mwanawe Lewis, ambaye mwaka 1995, akiwa na miaka 10, alitwaa ubingwa wa watoto wa nchi hiyo.

Hao ni wanne waliojaaliwa umaarufu. Maelfu ya wengine walikwenda uwanjani kila mwisho wa juma, wakarudi, wakakua, wakawa walimu, mafundi na wauza duka, na desturi imesimama juu ya mabega yao. Tuitazame basi aila ya namna hiyo katika siku mbili za kufunga msimu kwenye kilabu cha kawaida cha Uingereza, majani yanapopukutika na lami ya asubuhi ikiwa na baridi. Gari la nyumbani huwasili likiwa limebeba kigari, sanduku la spana, dumu la petroli, tairi za ukavu na tairi za mvua, birika la chai na mablanketi. Siku ya kwanza ni ya mazoezi: baba hupima upepo wa tairi kabla na baada ya kila mzunguko wa majaribio, hubadili sproketi ya nyuma, huutia mnyororo mafuta, na mama huandika nyakati katika daftari ambalo kurasa zake za mwanzo zina tarehe za majira ya kuchipua. Siku ya pili ni ya mbio za mchujo, kisha fainali, kisha vikombe.

Katika shughuli zote hizo liko jambo moja dogo ambalo laonyesha maana ya msimu kuliko vikombe vyenyewe. Sheria huweka uzito ambao dereva na kigari chake kwa pamoja hawaruhusiwi kupungukiwa nao, ili mtoto mwembamba asimshinde mwenzake kwa wepesi wa mwili tu; na kwa hiyo mtoto mwepesi hufungiwa vipande vya risasi kwenye kiti kwa bolti. Mwanzoni mwa msimu vipande huwa vingi. Miezi ikipita, mtoto akirefuka na kujaa, baba hufungua kimoja, kisha kingine, na yafikapo mashindano ya mwisho mgongo wa kiti umebaki na matundu ambayo hayana tena kitu cha kubeba. Mara tu bendera ya miraba myeusi na myeupe inapopungwa, kila kigari hupelekwa mizanini pamoja na dereva wake, na aliyepunguka hufutiwa nafasi yake bila ya udhuru kusikilizwa. Hapo ndipo wazazi husoma, kwa hesabu isiyodanganya, kiasi ambacho mtoto wao amekua tangu mwaka uanze. Na wengi hutambua kwamba msimu ujao atakuwa wa hirimu nyingine, wa daraja nyingine, na kigari hiki kitauzwa kwa aila iliyo jirani au kitarithiwa na mdogo wake.

Ukweli haufai kufichwa: mchezo huu umekuwa ghali. Kile kilichouzwa kwa dola 129 na kuungwa nyumbani, katika daraja za juu za Ulaya leo kimekuwa jambo la mafundi wa kuajiriwa, mahema makubwa na tairi mpya kila siku, na wapo wazazi walioitia nyumba yao katika deni kwa ajili ya tamaa ya kumwona mwana akiwa bingwa. Nasema bila ya kusita kwamba tamaa hiyo ni dhuluma kwa mtoto, ambaye hubebeshwa mzigo asioweza kuusema. Kwa bahati njema vilabu vimejitafutia dawa: injini hufungwa kwa lakiri ili asiwepo wa kuichezea kwa siri, na katika baadhi ya daraja za watoto nchini Uingereza hutumika Honda GX160 ya kawaida, injini ile ile tunayoiona huku kwetu ikisukuma pampu za maji mashambani. Mchezo ulioanza kwa injini ya kukatia majani umerudi kwenye kazi ya shamba ili ujiponye.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko ugenini katika habari hizi. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka 1965 zilishindwa na Joginder Singh akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo moja, ndugu wawili wa tumbo moja mbele ya dunia nzima. Nairobi ina viwanja vya gokati, na wapo watoto wanaokulia humo. Lakini kwa wengi wetu jambo hili bado linahesabiwa kuwa starehe ya wenye nacho, nalo halikuzaliwa hivyo. Wachomeleaji tunao katika kila mji, kuanzia Gerezani hadi Gikomba. Injini zimo mashambani. Mabomba ya chuma hayajawahi kuwa adimu. Kilichopungua ni pahali palipozungushiwa uzio, kanuni zinazoheshimiwa, helmeti kwa kila kichwa, na wazee walio radhi kutumia mapumziko yao pamoja na watoto wao. Enyi wakuu wa miji na walimu wa vyuo vya ufundi, tengeni kipande kimoja cha lami na siku moja ya juma, muwape vijana wetu vyuma na mwalimu wa kuwasimamia. Aila zitakuja zenyewe.